Kobe wa Kesi ya Bilali

Jumatatu, 19 Aprili 1999

Leo nimekabidhiwa kobe kumi na mmoja. Ni wachanga. Hata aliye mkubwa kuliko wote, nikimweka kiganjani nafasi inabaki. Walikamatwa juzi pale stendi ya Nachingwea wakiwa kwenye katoni la sabuni lililotobolewa matundu, mikononi mwa kijana mmoja wa Kilimarondo anayeitwa Bilali. Inasemekana alikuwa anampelekea mtu wa Dar es Salaam anayewauza Ulaya, kwa watu wanaofuga kobe ndani ya nyumba kama sisi tunavyofuga paka. Huyo mtu wa Dar hakuonekana. Bilali amelala rumande, na kobe wamelala juu ya kabati la mafaili.

Mimi ni mpiga chapa wa ofisi ya wanyamapori. Bwana Obadia, mkubwa wetu, aliniita akanieleza kwamba kobe hawa sasa ni vidhibiti, na hakimu atataka kuwaona wakiwa hai siku ya kesi. Ofisi inavuja, na yeye anaishi na wenzake kwenye nyumba moja iliyojaa. "Mama Albina, wewe una stoo, una umeme, na uko peke yako," alisema, kana kwamba yote matatu ni sifa.

Nilikubali. Ameagiza niandike hali zao kila siku kwenye daftari la ofisi. Huko nimeandika: wako hai. Haya mengine naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna wa kumsimulia.

Jumanne, 20 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Niliwawekea matembele. Hawakula.

Alhamisi, 22 Aprili

Bado hawali. Bwana Obadia alipita jioni, akawagusa mmoja mmoja, akasema wana baridi. Kobe hana moto wake mwenyewe mwilini kama sisi, hupata joto kwa jua, na tumbo lake likipoa chakula hakisagiki. Anasema chuoni walisoma sana habari za tembo na nyati, kobe wakapewa ukurasa mmoja, na hilo ndilo analolikumbuka.

Basi nimelaza chali kabati la zamani la vyombo, lile alilotengeneza marehemu mume wangu Fidelis, ambalo milango yake haikuwahi kufunga sawasawa. Milango nimeing'oa. Ndani nimetandika mchanga na majani makavu, juu nimefunika kipande cha chandarua kwa ajili ya panya, na katikati nimening'iniza globu ya wati mia. Umeme wa mji huu huwaka jua likizama na kuzimwa watu wakilala. Leo ulipowaka, stoo nzima iligeuka manjano. Kobe wote walitambaa mpaka chini ya globu, wakanyoosha shingo. Baadaye mmoja akauma jani.

Nilikaa naye mpaka akalimaliza. Alichukua muda mrefu sana.

Jumapili, 25 Aprili

Asubuhi kabla ya misa nilimkuta mmoja amekufa chini ya globu, mdomo wazi, ngozi ya shingo imekauka kama ganda la kitunguu. Jana globu ilipokuwa inawaka kabati lote lilikuwa la moto, upande huu sawa na upande ule. Hakuwa na pa kukimbilia.

Misa nzima niliwaza hilo. Kuku wangu mwenyewe hukaa juani asubuhi na mchana hujibanza kivulini chini ya ukingo wa paa. Naona kila siku na sikuwahi kufikiri. Niliporudi nilisogeza globu mpaka mwisho mmoja wa kabati nikaipandisha juu kidogo. Mwisho wa pili nimeegesha nusu ya chungu kilichovunjika iwe pango, na kifuniko chenye maji karibu yake. Sasa anayetaka moto anaufuata, na akichoka anaondoka.

Kwenye daftari la ofisi nimeandika: mmoja amekufa, joto kuzidi. Bwana Obadia alisoma akanitazama, akasema tu wamebaki kumi. Nilitaka aseme zaidi ya hapo.

Jumamosi, 1 Mei

Sikukuu. Mvua. Wote wanakula.

Jumanne, 4 Mei

Mwamina, jirani yangu wa nyuma, amenisimamisha uani. Tumeishi tukitenganishwa na ua wa mabua miaka mingi na hatujawahi kuketi pamoja. Aliuliza ni nini kilichomo stoo kinachohitaji taa kuliko mtu, maana jioni sebule yangu huwa giza na stoo inawaka. Nikamjibu ni mali ya serikali. Aliitikia "haya" kwa sauti ya kunifanya nione kwamba hakuridhika.

Jumatatu, 10 Mei

Siku ya kesi. Niliwapeleka kobe mahakamani kwenye beseni lililofunikwa kanga. Mwendesha mashtaka amekwama njiani, daraja limefunikwa na maji. Kesi imeahirishwa.

Nilimwona Bilali kwa mara ya kwanza. Yuko nje kwa dhamana. Nilitegemea kuona jambazi, nikaona mtu mwembamba wa miaka kama thelathini, suruali imelowa mpaka magotini, viatu kavishika mkononi. Alikuja kwa baiskeli kutoka Kilimarondo na njiani alilala Kiegei. Aliniomba achungulie kwenye beseni. Nikamwambia hawa si wake tena. Akasema, "Ndiyo, mama," akarudi nyuma.

Nilifurahi kumjibu hivyo. Mpaka jioni furaha yenyewe ilikuwa imeisha.

Jumatatu, 24 Mei

Hakimu ana malaria. Kesi imeahirishwa.

Ijumaa, 28 Mei

Kuna jambo linanitia wasiwasi. Mmoja wao, mwenye doa jeupe nyuma, gamba lake linabonyea. Nikiligusa kwa kidole linarudi ndani kama yai la kuku lililotagwa bila ganda. Wengine nao si wagumu kama mwanzo. Bwana Obadia anadhani globu inatoa joto lakini si jua, na tangu waje kwangu jua lenyewe limeonekana mara chache.

Nimesaga maganda ya mayai nikayanyunyiza kwenye mchicha. Kuku huwa yanawasaidia.

Jumanne, 1 Juni

Jua! Nimetoroka kazini saa sita nikawatoa nje kwenye beseni.

Jumatatu, 7 Juni

Mvua imekatika kabisa, naona. Kesi ilikuwa leo, shahidi mmoja yuko safarini Lindi, imeahirishwa. Bilali alikuja akarudi.

Sasa kila mchana nakimbia nyumbani kuota jua nao. Nimezungusha matofali uani, upande mmoja nimeweka tawi la mkorosho kuwa kivuli. Hukaa kwanza bila kutikisika, miguu ya nyuma imenyooshwa kama wazee waliomaliza kazi zao. Wakishapata moto huanza kuzurura na kupandana migongoni. Zamani mchana nilikuwa nakula mihogo na wenzangu ofisini. Leo ndiyo nimetambua kwamba tangu niache hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi.

Alhamisi, 10 Juni

Kumbukumbu ya marehemu Fidelis. Kaburi lake liko kwao Ruangwa, na kila mwaka mimi huenda kulifagia. Mwaka huu sikwenda, nani angewasha taa? Wifi yangu atasema nimemsahau kaka yake. Binti yangu Albina yuko Tabora kwa mumewe, huu mwaka wa tatu hajaja. Jioni nilisali peke yangu stoo kwa kuwa ndiko kulikokuwa na mwanga.

Jumapili, 13 Juni

Nimepata mgeni. Nilipotoka kanisani nilimkuta mwanamke amekaa barazani, mtoto mgongoni, kikapu cha kunde miguuni. Alijitambulisha kuwa ni Ashura, mke wa Bilali. Alikuja na lori la mbao. Sikujua nifanye nini na mke wa mshtakiwa, nikampa kiti na maji.

Aliniomba kuwaona. Nikampeleka uani. Alichuchumaa akawatazama muda mrefu, mtoto wake akitaka kuwashika. Alinieleza kwamba mwaka huu nguruwe pori walimaliza mahindi yote, ndipo mumewe akakubali maneno ya huyo mtu wa Dar ambaye hata jina lake halisi hawalijui. Wakati wa mvua za mwanzo vitoto vya kobe hutokea kila mahali kwao, watoto wanavichezea. Bilali hakuona kama anaiba kitu cha mtu.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Mama, wakifa wote, kesi inakuwaje?"

Nilimwambia sijui. Lakini najua, kwa sababu mimi ndiye ninayepiga chapa barua za ofisi. Ushahidi wenyewe ni kobe. Wasipokuwepo, anabaki kijana aliyekutwa na katoni lenye matundu.

Hakuniomba kitu. Aliacha kunde zote.

Jumatano, 16 Juni

Nimempikia nani kunde nyingi hivi? Nimekula siku tatu.

Jumatatu, 21 Juni

Imeahirishwa.

Ijumaa, 25 Juni

Kipupwe kimeingia. Asubuhi ukungu unafika mpaka mlangoni, mikorosho haionekani. Jua linachomoza limechoka. Kobe hawatoki pangoni mpaka nianze kuwavuta. Mwenye doa jeupe gamba limeanza kukaza. Nilimbonyeza mara mbili kuhakikisha, akanitolea ulimi, au ndivyo nilivyoona.

Jumanne, 29 Juni

Umeme haukuwaka. Wanasema mtambo umeharibika na kipuri lazima kitoke mbali. Nimechemsha maji nikayatia kwenye chupa za soda, nikazizungushia vitambaa na kuzipanga kandokando ya kabati. Juu nikafunika gunia na blanketi langu.

Mimi nimelala na makoti.

Jumatano, 30 Juni

Bado giza. Bwana Obadia ameniletea blanketi lake mwenyewe. Sikutegemea. Alisimama mlangoni amelikunja vizuri kama mtu aliyeleta posa, akaondoka bila kukaa.

Ijumaa, 2 Julai

Chupa hupoa mapema. Nimeanza kutumia chemli. Nimelipachika upande ule wa joto, nje ya kabati, na kati yake na kobe nimesimamisha kipande cha bati ili moshi usiwafikie ila joto lipite. Linafanya kazi, lakini mafuta ya taa yameadimika mjini.

Jumapili, 4 Julai

Naandika hili kwa shida.

Jana jioni sikuwasha chemli. Mafuta yalikuwepo, nusu chupa. Kiberiti kilikuwa mkononi. Nilikaa kwenye kigoda nikamfikiria Ashura na mtoto wake aliyetaka kuwashika kobe. Nikajiambia kwamba sitafanya lolote, nitakaa tu, baridi ndiyo itakayofanya. Asubuhi nitaandika kwenye daftari la ofisi: wamekufa, umeme hakuna. Ni kweli tupu. Hakuna atakayenilaumu, na Bilali atarudi kwake akalime.

Stoo ilikuwa kimya. Halafu nikasikia mchanga unakwaruzwa. Mmoja alikuwa anatembea kuelekea upande ule chemli huwa linakaa. Alifika kwenye ubao akasimama, akagonga kichwa, akasimama tena. Wa pili akaja. Wakabaki pale wameelekea kwenye bati lenye giza.

Niliwasha. Nilivunja njiti mbili kwanza.

Leo kwenye misa sikwenda kukomunika. Sijui ningeungama nini, kwamba nilitaka kuwaua kobe au kwamba sikuwaua.

Jumatatu, 5 Julai

Mafuta yamekwisha. Madukani hakuna.

Ijumaa, 9 Julai

Siku mbili hizi sikuwa na nguvu ya kushika kalamu. Naandika nikiwa kitandani.

Jumatano ilikuwa sikukuu ya Saba Saba. Niliamka alfajiri, ukungu mzito, baridi ya kuuma masikio. Kobe walikuwa wa baridi kama mawe ya mtoni na macho yamefumba. Nikaona hapa chupa hazitoshi. Nikawasha jiko la mkaa uani, lilipokolea nikaliingiza stoo, nikafunga mlango na dirisha. Nafasi ya chini ya mlango nikaiziba kwa kanga ili joto lisitoke. Nikakaa kwenye kigoda nikiwangoja wafumbue macho.

Joto lilikuwa zuri sana. Nakumbuka nilisema kwa sauti kwamba kweli huku ndiko ningekuwa nalala tangu zamani. Kichwa kikaanza kuuma. Nikadhani ni njaa. Nikaegemeza kichwa kwenye kabati kidogo tu.

Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala uani juu ya udongo wenye umande, natapika, na Mwamina ameshika kichwa changu mapajani mwake. Alikuwa ananipepea kwa ungo. Mlango wa stoo ulikuwa umeng'oka bawaba moja.

Alinieleza baadaye, nilipoweza kusikia. Kila siku alfajiri anasikia ufagio wangu. Jumatano hakuusikia. Alidhani nimekwenda Ruangwa, akapika chai yake, akaanza kupepeta ufuta. Lakini kuku wangu walikuwa bado wanapiga kelele bandani. Akapita uani, akaita, akaona kanga imebanwa chini ya mlango kwa ndani, akasukuma kwa bega.

"Wewe huagi mtu," aliniambia. "Lakini unafagia. Nikasema huyu hata akisafiri lazima angefagia kwanza."

Alilala kwangu usiku ule, na jana pia. Amenipa uji wa mtama kwa kijiko kama mtoto. Jana nilipata ujasiri nikamwuliza juu ya maneno yanayozunguka sokoni, kwamba nafuga majini ndani ya stoo na ndiyo maana taa haizimwi. Nilitaka kujua ni nani aliyeanza. Hakutafuta pa kujificha. Alisema ni yeye. Aliniuliza, sikumwambia kitu cha maana, akajaza mwenyewe.

Nilicheka mpaka kichwa kikauma upya. Miaka yote nilimhesabu kuwa adui kwa sababu ana mdomo, na mimi mwenyewe sina hata neno la kumpa mtu.

Kobe mmoja alikufa, yule mdogo kuliko wote. Tisa wako hai. Mwamina aliwatoa kwa beseni baada ya kunitoa mimi. Anasema aliogopa kuwashika, akatumia mwiko.

Jumamosi, 10 Julai

Mwamina amenionyesha mawe wanayopashia vyungu shambani. Tunayapasha uani mpaka yaive, tunayazungushia gunia, tunayaingiza stoo. Moto unabaki nje. Mawe yanakaa na joto kuliko chupa. Sehemu nyingine ya siku tumekaa tu.

Jumatatu, 12 Julai

Imeahirishwa tena, safari hii kwa sababu ya jalada. Baada ya hapo Bilali alinifuata mpaka kwenye ngazi. Alikuwa amesikia kwamba nusura nife. Akaniuliza kama anaweza kunibebea beseni mpaka nyumbani, maana naonekana sina nguvu. Nikamwomba ruhusa Bwana Obadia, akageuza uso kama mtu ambaye hajasikia. Nikaichukua hiyo kuwa ndiyo.

Bilali alitazama stoo yote: kabati, chungu, bati, chemli tupu, mawe. Akachuchumaa. Nilimwuliza anajua kwamba hawa wakifa huenda kesi yake ikafa nao?

"Najua, mama. Kijijini wananiambia kila siku."

Nikamwambia mkewe alikuja hapa.

"Hilo pia najua. Nilimkataza, akaja." Alikuwa anapangusa mchanga kwenye gamba la yule mwenye doa jeupe kwa kidole gumba. "Niliwaokota niwauze. Hilo nimelifanya na sitalikana. Lakini sikuwaokota wafe. Wewe washa taa yako."

Alimrudisha kobe kwenye mchanga, akasimama, akajipangusa vumbi magotini. Nilimkaribisha chakula. Alikula ugali na Mwamina na mimi, akatushukuru, akapanda baiskeli.

Sikumwambia kuhusu ile jioni ya kiberiti. Alipokuwa anaondoka nilitaka kumwita.

Alhamisi, 15 Julai

Umeme umerudi! Globu ilipowaka walitoka wote pangoni.

Jumanne, 20 Julai

Baridi. Wanakula. Mwamina amewaletea maua ya maboga.

Jumatatu, 26 Julai

Hatimaye mashahidi wametoa ushahidi wao. Utetezi na hukumu wiki ijayo.

Jumapili, 1 Agosti

Nimewaosha kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini. Magamba yao yote ni magumu sasa. Nawajua mmoja mmoja, ingawa sikuwapa majina kwa kuwa ni vidhibiti. Kila nikifikiria kesho nasimama tu katikati ya stoo.

Jumatatu, 2 Agosti

Hakimu aliomba kuviona vidhibiti. Niliwaweka mezani mbele yake. Walikuwa wamepata moto wa jua njiani, kwa hiyo hawakutulia. Mmoja alielekea ukingoni, mwendesha mashtaka akamdaka, mwingine akakojoa pembeni ya jalada. Watu walicheka. Hata Bilali alitabasamu kizimbani. Hakimu aliuliza ni nani aliyewatunza miezi yote hii. Bwana Obadia akanionyesha. Hakimu akasema mbele ya watu wote kwamba ni nadra kuona kidhibiti kilicho hai kimetunzwa hivi, na mtumishi huyu anastahili pongezi.

Katika maisha yangu ya kazi hakuna aliyewahi kunipongeza hadharani. Nilitazama sakafu.

Bilali hakujitetea. Alikiri kwamba aliwachukua, akaomba msamaha, akaeleza habari za nguruwe pori. Miezi sita jela. Kobe warudishwe porini walikotoka, chini ya usimamizi wa ofisi.

Askari alipomfunga pingu, Bilali alinigeukia akanipa ishara ya kichwa kama watu wanavyoagana barabarani. Ashura hakuwepo. Labda hakupata lori.

Jumanne, 3 Agosti

Jioni Bwana Obadia alikuja mezani kwangu akasema Jumamosi gari litakwenda Kilimarondo na yeye angependa niwepo. Nikasema nitakuja kama nitapelekwa pia kwa mke wa Bilali. Akafikiri, akasema ni njia hiyohiyo.

Jumamosi, 7 Agosti

Tulipita Ruponda kabla jua halijatoka. Beseni lilikuwa mapajani mwangu, chini yake jiwe la moto lililofungwa gunia. Bwana Obadia aliendesha mwenyewe. Njiani alisema ghafla kwamba usiku wa kuamkia hukumu hakulala, na kwamba sheria aliyoapa kuilinda ni nzuri, lakini kila mara inamkamata mtu mwenye baiskeli. Hakungoja nijibu.

Mjumbe wa kijiji alituonyesha mahali. Ni bonde dogo lenye nyasi ndefu na vichuguu, mto uko chini yake, umekauka nusu. Tulingoja jua lipande. Niliwatoa mmoja mmoja nikawaweka chini. Wote walisimama kwanza, wakipasha miili moto. Halafu mmoja akaondoka, na mwingine. Hawakukimbia wala hawakutazama nyuma, walitembea tu wakiingia kwenye nyasi, na nyasi zikafunga. Yule mwenye doa jeupe alichelewa, akala kwanza. Nilibaki nimeshika beseni.

Kwa Ashura tulifika mchana. Alikuwa anapiga ufuta juu ya turubai. Alitusikia tangu mbali lakini hakusimama mpaka tulipofika. Alinipa kiti, akampa Bwana Obadia gogo. Nilimpa pole. Nikamwambia kobe wamerudi bondeni, wote tisa.

"Uliwalea vizuri, mama," alisema. "Ndiyo maana mume wangu hayupo."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema mtu kwamba mvua imeisha. Bwana Obadia alinyanyuka akaenda kukagua gurudumu ambalo halikuwa na ubaya. Mimi nilivua viatu, nikachukua fimbo ya pili iliyokuwa imeegemezwa ukutani, nikaanza kupiga ufuta. Ashura alinitazama. Kisha akanisogezea mganda. Tulipiga mpaka vivuli vikawa virefu. Hatukuzungumza zaidi ya kuambizana sogea, geuza, basi huo. Nilipoondoka aliniambia nikimwona Bilali nimweleze mtoto ameanza kusema maneno mawili, baba na maji, na kwamba mkorosho wa nyuma umetoa maua.

Jumatatu, 9 Agosti

Daftari la ofisi nimelifunga. Mwamina ameuliza kabati nitalifanyia nini. Sijui.

Alhamisi, 12 Agosti

Baridi inapungua. Hakuna jipya.

Jumapili, 15 Agosti

Nimekwenda gerezani. Mwamina alinisindikiza mpaka kwenye kona, akaniachia chapati nne za kumpelekea, akarudi kwa sababu anaogopa magereza.

Niliulizwa mimi ni nani wake. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Mpiga chapa wa ofisi iliyomshtaki? Nikasema ni mtu wa kwao. Askari akaandika.

Bilali amenyolewa nywele na amekonda shingo. Alishangaa kuniona, akatazama nyuma yangu kama kuna mwingine. Nilimpa salamu za Ashura, maneno mawili ya mtoto na maua ya mkorosho. Alifumba macho aliposikia maneno ya mtoto, akaniomba niyarudie. Nikayarudia. Nilimwambia tulipiga ufuta na bado kuna miganda, na nitapanda lori mwisho wa mwezi nikasaidie kumalizia.

Halafu, kwa kuwa muda ulikuwa unakwisha, nilimwambia habari za ile jioni niliyoshika kiberiti nisiwashe chemli. Nilimweleza yote, kwa nini nilikaa na kwa nini hatimaye niliwasha. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Nilidhani atakasirika kwa mojawapo, kwamba nilitaka kuwaacha wafe au kwamba sikuwaacha.

Aliuliza, "Walikwenda upande gani?"

Nikasema wengi waliteremka upande wa mto, wawili walipanda kwenye vichuguu.

"Wale wawili ndio wenye akili," alisema. "Mvua zikija kule chini kunajaa maji."

Askari akagonga mlango. Nilimwambia Jumapili ijayo nitakuja tena. Hakusema nisije.